Mtu Aliyeutaka Ukuta Wetu wa Mawe

Sijawahi kukutana na mtu mwenye shaka kama Mwalimu, na nasema hivyo nikiwa mtu wa Saboti, ambako jirani akikuletea maziwa bila kuombwa unayaweka mezani mpaka jioni ukijiuliza anataka nini. Sisi tulishuku watu. Yeye alishuku kila kitu: mizani ya mchinjaji, saa ya kanisa, utabiri wa mvua redioni, hata ramani iliyotundikwa katika darasa lake mwenyewe. Ukimwambia jambo lolote, hata kwamba chai iko tayari, aliinua kidevu akauliza, "Nani arikwambia?" Alikuwa mtu wa chini huko, upande wa Bungoma, na ulimi wake uliziweka r na l palipokuwa na nafasi. Tulimwiga bwenini mpaka swali lake likatuingia. Hadi leo mteja akija dukani kwangu Kitale kulalamika kwamba dawa fulani ya kupe haifanyi kazi, swali hilo linanitoka kabla sijalizuia.

Alinifundisha jiografia katika shule moja ya upili mjini Kitale, kisha akawa jirani yetu, kwa kuwa alinunua shamba lililopakana na letu huko Saboti, kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Kwa hiyo nilimjua ubaoni na nilimjua uani, na watu hao wawili hawakufanana sana. Ubaoni alikuwa mchangamfu, mtu wa kurusha chaki na kucheka. Uani alisalimia kwa kifupi, akaangalia chini, akapita. Habari za ukoo wake siziwezi; sikuzijua vizuri, na yeye angetaka kujua nimezipata kwa nani.

Alitembea na kiondo chenye nyundo ndani. Juu ya nyundo aliweka sukuma wiki. Alisema si kwa kuificha, ni vile tu anapitia sokoni kwanza, lakini nani wa kuamini hayo? Mtu anayefunika nyundo kwa mboga ana jambo. Njiani alikuwa akisimama ghafla, anainama, anavunja jiwe, analiangalia, kisha analilamba na kutema mate kando. Saboti si mahali pa kulamba mawe hadharani ukaachwa. Wapo waliosema ni mganga. Wapo waliosema ana hamu ya udongo kama mwanamke mjamzito. Na wale waliojiona wana akili kuliko wengine walisema taratibu, huku wakitazama pembeni, kwamba mzee anatafuta madini.

Mimi sababu ya kulamba niliijua. Darasani alitueleza kwamba jiwe likilowa linaonyesha chembe zake, na likiwa kavu linazificha. Alitueleza pia kwamba jiwe lililokaa juani na mvuani miaka mingi linaota ganda la rangi nyingine, na ukiliita jina kwa kuangalia ganda utakuwa umelisingizia. Lazima ulivunje. Ili tumwelewe, alitutoa nje akavunja mawe ya bustani ya mwalimu mkuu, yale yaliyopakwa chokaa kwa ajili ya siku ya wazazi, akatuonyesha kwamba chini ya chokaa kuna ganda na chini ya ganda kuna jiwe lenyewe. Mwalimu mkuu hakufurahi hata kidogo.

Na bado mtu huyo huyo hakuwa na kufuli nyumbani. Mlango wake aliuegesha tu, akaenda Kitale kutwa nzima. Hilo nalo lilituudhi, maana mwenye shaka anatakiwa afunge mlango kama sisi. Mama yangu alilipatia jibu: mtu asiyefunga nyumba, mali yake iko kwingine. Kanisani Mwalimu aliimba kwa sauti kubwa, amefumba macho, hata pale wimbo ulipomshinda. Madaktari hakuwaamini, lakini aliamini kwa moyo wote kwamba soksi za sufu zinazuia malaria, akazivaa mwaka mzima, hata alipokwenda kwao Bungoma kwenye joto. Nilipomuuliza nani alimwambia hayo ya soksi, alinitazama akacheka, akasema hilo aliambiwa na mama yake, na mama hashukiwi.

Somo nililolipenda kuliko yote ni lile la sufuria. Alikuja darasani na jiko la mafuta ya taa, mrenda, na magadi, ile soda ya mawe mawe ambayo mama zetu wanatia kwenye mboga ili zilainike. Akapika mrenda mbele yetu, sufuria mbili. Moja aliitia magadi kidogo, nyingine akazidisha mpaka mboga zikawa utelezi mtupu. Kisha akasema kuna milima iliyopikwa na mchanga mwingi, ule mchanga mweupe unaong'aa na kukwaruza kioo, na mlima wetu si mmoja wao. Elgon ilipikwa na magadi mengi na mchanga kidogo sana. Ndiyo maana ng'ombe wanalamba udongo wa mapangoni kule juu, ndiyo maana tembo walichimba mapango kwa pembe. Uji wa moto uliotoka chini ya ardhi ulikuwa na magadi tangu mwanzo. Tulikula ile mrenda yote. Nadhani ni somo pekee la jiografia lililoisha kwa watu kulamba vidole.

Habari zilifika nyumbani zikiwa zimegeuka. Mama mmoja wa kanisani, ambaye binti yake nilisoma naye, aliambiwa mawe ya Saboti yana magadi. Akachukua jiwe jeusi, akalisaga siku nzima, akalitia kwenye maharagwe. Maharagwe hayakuiva, na familia nzima ikala ikitafuna mchanga. Alimwendea Mwalimu akiwa amefura. Tulitarajia Mwalimu ataomba msamaha. Badala yake alimuuliza jiwe alilitoa upande gani wa kijito, alilisaga kwa kitu gani, na ladha yake ilikuwaje, chungu au chumvi. Yule mama alirudi nyumbani akisema mzee yule ana ubaya fulani, si bure mtu anauliza maswali kama askari.

Sasa niseme juu ya ukuta, kwa sababu bila ukuta ule Mwalimu angebaki kwetu mzee wa kulamba mawe tu.

Katikati ya shamba letu ulipita mstari wa mawe meusi, umenyooka, umesimama mpaka kiunoni mwa mtu mzima, unapanda mlima na kuingia chini ya udongo mwekundu kule juu. Watu wote waliuita ukuta wa mzungu. Maeneo ya Kitale yalikuwa mashamba ya walowezi, na kwa hiyo kitu chochote kilichonyooka tulidhani kimejengwa na wao. Babu yetu aliukuta hapo, akaambiwa ni zizi la ng'ombe wa mzungu, akatuambia hivyo. Hakuna aliyejiuliza mbona zizi lina upande mmoja.

Mwalimu ndiye aliyesema hakuna mtu aliyeujenga. Alisema kwenye mkutano wa chifu, watu wakiwa wamekaa wanangoja habari za mbolea. Alisimama akaeleza kwamba zamani sana, kabla ya watu, ardhi ilipasuka, uji wa moto ukapanda kwenye ufa ukagandia humo humo. Baadaye mvua ikala udongo wa pande zote mbili, jiwe likabaki limesimama. Hiyo ilikuwa sawa. Kosa lake lilikuwa neno alilochagua. "Huo si ukuta," alisema. "Huo ni mshipa."

Kulikuwa na mwanamume mmoja pale aliyewahi kushuka mashimo ya dhahabu huko upande wa Kakamega. Aliposikia mshipa alikaa wima. Kule mashimoni mshipa ni kitu kimoja tu. Kabla mbolea haijatajwa, mkutano mzima ulikuwa unajua kwamba Mwalimu ameona dhahabu kwenye shamba la Mama Kibet, na amejifanya kutoa somo ili aone nani anajua. Mama Kibet ni mama yangu. Kibet ni kaka yangu mkubwa.

Muda si mrefu baada ya hapo Mwalimu akaja kwetu. Mimi, binti wa nyumba, nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani nangoja matokeo. Alikuja amevaa koti, amebeba mkate na sukari, akakaa kwenye kiti cha wageni na kuishika kofia magotini. Mama alimkaribisha vizuri, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mkate. Mwalimu alikohoa, akaanza.

"Mama Kibet, mimi nimekuja kwa sababu ya mahari."

Nilikuwa jikoni. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini polepole.

"Mahari, Mwalimu? Na mama wa nyumbani kwako anajua?"

"Anajua. Si yeye ndiye amesema nikuje."

"Na mtoto mwenyewe umemuuliza?"

"Mtoto gani?"

Mama alikuwa amekwisha kunyanyuka kumtuma mtu akamwite mjomba. Ilichukua chai nzima kulielewa neno. Alikuwa anasema mahali. Alitaka mahali, pale juu kwenye shamba letu, penye mawe, sehemu ya mwisho ya ukuta kabla haujaingia chini ya udongo. Na alikuja na jambo: tumpe kipande kile cha mawe, naye atupe kipande sawa na hicho cha shamba lake la kando ya kijito, pale alipopanda kabichi, udongo mweusi wa kuzama mpaka kifundo cha mguu.

Sisi wengine tulicheka juu ya mahari ile kwa miaka. Mama hakucheka. Alishikilia kwamba mzee alikuja kwa jambo moja, akauona uso wake, akabadilisha. Na hata kama alikuja kwa ajili ya mawe, hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nani anabadilisha udongo na mawe?" aliuliza. Hata mimi, mwanafunzi wake, niliyekula mrenda yake, nilijiuliza hivyo hivyo. Nililala nikiwaza kwamba kuna kitu mtu huyu anajua na hasemi.

Na kweli kulikuwa na kitu hasemi. Mama alimuuliza mara mbili, Kibet akamuuliza mara zisizohesabika, kipande kile kina nini. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwamba hajui, na kwa kuwa hajui ndiyo maana anakitaka. Jibu la namna hiyo linaweza kumfanya mtu mpole akufungulie mbwa. Mama alikataa kubadilisha. Mwalimu hakumsihi. Alimshukuru kwa chai, akavaa kofia yake, akaondoka, na mkate ukakaa kabatini mpaka ukaota ukungu kwa sababu Mama hakutaka tuule.

Kibet alianza kuvunja ukuta mwaka uliofuata. Hakuwa anatafuta dhahabu, au alisema hatafuti. Alikuwa anatengeneza kokoto za kujengea. Alianza chini, karibu na barabara, akawa anapanda polepole pamoja na vijana wawili, nyundo tatu zikilia mchana kutwa. Jiwe lile lilikuwa gumu, likigongwa linalia. Kila alasiri Mwalimu alikuja kusimama kwenye ua wake na kuangalia. Kibet alimwambia siku moja, bila adabu sana, aseme tu kama kuna mali, wagawane kama wanaume, bana. Mwalimu alimjibu kwamba kokoto zake ni nzuri, zina magadi kidogo tu, simiti itashika. Kibet alirudi nyumbani akaapa kwamba mzee anamcheka.

Mimi ndiye niliyeambiwa sababu, na hata hivyo ni kwa bahati. Nilikuwa nimefungua duka langu Kitale, akaja kununua dawa ya kuku, mvua ikamzuia. Tukaingia kwenye hoteli ya jirani tukanywa chai na mandazi. Mke wake alikuwa amekufa mwaka huo na alikuwa amekonda. Alizungumza akiwa ameangalia dirishani, kama hazungumzi na mimi.

Akaniambia kwamba miaka yote aliyofundisha, aliwaambia wanafunzi kuwa kuta kama ule ni watoto wa mlima. Vitabu vyote vilisema hivyo: mlima ulipokuwa hai ulipasua ardhi pembeni na kujaza nyufa, na mishipa yote ya jirani ni watoto wake. Kisha alipohamia Saboti akaanza kuutazama ukuta kwa karibu, akaona ganda lake ni nene kuliko ganda la mawe ya mlima. Jiwe lililoliwa na mvua namna ile lina umri. Akaanza kushuku. Je, kama ukuta ulikuwepo kabla ya mlima? Je, kama kule chini chungu cha magadi kilichemka mara mbili, mara ya kwanza kabla Elgon haijafikiriwa, na huo ukuta ndio mabaki ya mara ya kwanza? Basi si mtoto. Ni mama.

Nilimuuliza kama kuna njia ya kujua. Akasema ipo, na iko pale tu, kwenye kile kipande chetu, ambapo, chini ya ule udongo mwekundu, ukuta unaingia chini ya majivu ya mlima. Kama ukuta ni wa zamani, majivu yaliuangukia ukiwa umeshapoa, na yatakuwa yamelala juu yake kijivu kama kawaida. Kama ukuta ni mtoto, ulipanda ukiwa moto ukayakuta majivu yako pale, na lazima uliyachoma. Yatakuwa mekundu, magumu kama tofali. Mtu akichimba pale kwa uangalifu ataona kwa macho. Mtu akivunja pale kwa nyundo, au kwa mashine, hakuna atakayejua tena, maana kokoto hazisemi zilitoka wapi.

"Sasa mbona hukutuambia hivyo?" nilimuuliza.

"Ningesema, mngejua jibu gani naritaka," alisema. "Na mtu akijua jibu unataka, anakupatia hiro."

Kisha akaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, isipokuwa Mama, na Mama alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama nimeona mzee huyo akinunua kitu kingine mjini zaidi ya dawa ya kuku. Kuhusu jibu alilolitaka, nililijua kabla mandazi hayajaisha. Neno mtoto alilisema kama kila mtu anavyolisema. Neno mama alilisema kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mama aliugua, akafariki, tukamzika pale pale Saboti, na Mwalimu alikuja mazishini na kuimba kupita wote. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Binti yake mkubwa, aliyeolewa kwao Bungoma na kujenga karibu na chuo kikuu pale Kibabii, alikuja akamchukua. Shamba la kabichi likakodishwa. Na Kibet, ambaye sasa alikuwa mwenye mji, akapatana na watu waliokuwa wanatengeneza barabara. Walitaka mawe mengi, haraka. Walileta tingatinga.

Nilisikia kwa simu, nikafunga duka, nikapanda bodaboda mpaka Saboti. Sikujua naenda kufanya nini. Kibet alikuwa amesimama na mikono kiunoni, akiangalia shimo, na nilimwona usoni kwamba bado anangoja kitu cha njano king'ae. Nilimwambia dereva asimame kidogo. Nikashuka mwenyewe, na viatu vyangu vya mjini.

Ukuta ulikuwa umekatwa safi pale ulipoingia chini ya majivu. Niliona mpaka wa jiwe na majivu. Nikakwangua kwa ufunguo wa duka, nikalowesha kipande kwa ulimi mbele ya dereva na mbele ya kaka yangu, nikaangalia tena. Nikapiga picha kwa simu. Kisha nikapanda juu, dereva akaendelea, na kufikia jioni pale palikuwa na shimo na alama za magurudumu.

Nilikaa miezi kadhaa bila kwenda Kibabii. Niliwaza sana. Mwishowe nikaenda Jumamosi moja, na mkate na sukari, kama inavyotakiwa. Binti yake alinipokea getini, akanishika mkono asiniruhusu kuingia kwanza.

"Dada, akikuuliza ile maneno ya ukuta, si umwambie tu alikuwa sawa," alisema. "Kila asubuhi ni hiyo. Ati mama ama mtoto, mama ama mtoto. Ameteseka, mzee wetu. Mpe afurahi."

Nilimwambia nimesikia.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji, na soksi zake za sufu. Macho yalikuwa yamekwisha. Nilimsalimia nikasema ni Chemutai wa Saboti. Akainua kidevu, akaniuliza nani alinihakikishia kwamba mimi ni Chemutai, na tukacheka wote wawili, na kwa muda kidogo nikasahau nilichokuja nacho. Aliuliza habari za Kibet, za duka, za kaburi la Mama kama limejengewa. Karanga zikaletwa, na chai. Binti yake akasimama mlangoni na taulo ya jikoni mkononi, haondoki.

Nilitaka kwanza kujua jambo moja. Nilimuuliza kama kweli, Mungu akimsikia, angetoa kile kipande cha kando ya kijito kwa mawe tu. Akasema angetoa. Nikamuuliza, kwa ajili ya kujua tu? Akasema kwa ajili ya kujua tu. Nilimtazama uso, na nakwambia, hata wakati huo, mzee kipofu kwenye kiti cha plastiki, kuna kipande cha moyo wangu kilichosikia sauti ya Mama na hakikuamini.

Akaweka kikombe chini; habari za tingatinga zilikuwa zimemfikia.

"Uriingia kwa shimo?"

"Niliingia."

"Kabla uingie, Kibet arikuwa amekuambia nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu. Alikuwa anaangalia tu."

"Haya. Urisimama wapi?"

Nilimwambia niliposimama. Nilitoa simu nikajaribu kumwonyesha picha, akaisukuma kando. Aliona mwanga tu. Basi nikabaki na mdomo wangu. Nilimwona binti yake akinitazama na kutikisa kichwa kidogo kidogo. Jibu zuri lilikuwa rahisi sana. Lilikuwa neno moja, mama, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulipinga, maana jiwe lenyewe lilikuwa chini ya lami. Nilimpenda mzee yule.

"Yaliungua, Mwalimu," nilisema. "Majivu yaliungua. Yalikuwa mekundu."

Aliinua kidevu.

"Mekundu upande moja? Upande wa chini, maji yanapopita na kuweka kutu?"

"Pande zote mbili. Na magumu. Niliyakwangua kwa ufunguo hayakutoka. Na jiwe lenyewe pale pembeni lilikuwa na chembe ndogo kuliko katikati. Nililowesha nikaona."

"Chembe ndogo pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Vidole vyake vilikuwa vinasugua kitambaa cha suruali, juu ya goti, mbele na nyuma. Binti yake alishusha taulo. Nilijua amekasirika na mimi, na sikumlaumu.

"Basi ni mtoto," akasema Mwalimu. "Riripoa haraka pembeni kwa sababu ririkuta kitu baridi. Ni mtoto kabisa." Kisha akageuza uso upande wangu. "Huyu binti yangu amekuambia useme nini pale getini?"

Nilimwambia ukweli. Nilisema ameniomba nimwambie alikuwa sawa.

Akacheka, kicheko kidogo, akanyoosha mkono hewani mpaka nikaushika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Tangu mama yao aende, hii nyumba wananiambia tu kitu nataka kusikia. Ati macho yatapona. Ati nimenona." Akaminya vidole vyangu. "Asante, Chemutai. Wewe nakuamini."

Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akimwambia mtu maneno hayo. Nililia, nami sikujificha. Na hapo, mkono wangu ukiwa ndani ya wake, nilimwamini na mimi. Mtu aliyelipokea jibu lile namna ile hakuwahi kutaka kingine chochote kutoka kwenye shamba letu, na kabichi zake zote angezitoa kwa mawe. Nilipotoka getini nilishika simu kumpigia mtu nimwambie, na mtu niliyemtaka alikuwa Mama, aliyezikwa akiamini kwamba mzee alikuwa anatuzunguka.